Kimya cha Mama Bridgit

Matsangoni nzima ilijua Ndinda alipokuwa akiomba. Hukuhitaji kuwa mshirika wa kanisa lake, wala hata kuwa Mkristo. Ilitosha uwe na masikio. Alfajiri, mafuta hayajapata moto kwenye karai, mama huyu alianza kumshukuru Mungu kwa usingizi, akaja kwenye uzima, akapita serikalini, akaingia kwa wagonjwa mmoja mmoja kwa majina na maradhi yao, na wateja wa kwanza wa mahamri walipofika barazani walimkuta ameshafika kwa mayatima. "Mahamri mangapi, baba? Matano? Ee Bwana, wakumbuke na wajane. Mbaazi nikutilie?"

Jirani yake Mwanatumu, Mbajuni aliyetoka Faza kuja kuolewa huku, ndiye aliyemfundisha kupika mahamri miaka ishirini na mitano iliyopita, wakati Ndinda na mumewe Kyalo walipohamia kutoka Kibwezi, naye Ndinda hajui hata iliki inatiwa kwenye nini. Mwalimu ana haki ya kumtania mwanafunzi. "Shoga," alimwambia mara nyingi kutoka upande wa pili wa ua wa makuti, "huyo Mola unayemwita, wampa nafasi ya kukujibu?" Ndinda alicheka, akampitishia hamri la moto juu ya ua, akaendelea na maombi yake palepale alipoachia.

Tusimwonee. Ndinda hakuwa mnafiki, na yeyote anayedhani kila aombaye kwa sauti ni mnafiki, na aende akakeshe naye kwa mgonjwa siku moja tu. Alikuwa na daftari la shule lenye jalada la buluu, na humo aliandika kila hitaji aliloletewa: nani anaumwa mgongo, nani mumewe hajarudi kutoka Lamu, nani mtoto wake ana mtihani. Kila Jumatano saa tisa alasiri, katika ushirika wa akina mama, alisimama na daftari lake akayasoma yote, na kanisa likapaza sauti. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa waombezi, na cheo hicho alikipenda zaidi ya alivyokuwa tayari kukiri.

Basi mchungaji alipotangaza mwezi wa pili kwamba kila mshirika atenge dakika kumi na tano kwa siku, akae mbele za Mungu bila kuomba lolote, asikilize tu, Ndinda alirudi nyumbani amenuna.

"Dakika kumi na tano bila kusema?" alimwambia Kyalo. "Huko si kuomba. Huko ni kusinzia. Na mimi nina unga, nina mbaazi, nina nazi za kukuna. Nitazitoa wapi hizo dakika?"

Kyalo alikuwa fundi wa kujenga kwa mawe, mtu wa maneno kumi kwa siku, na manane kati ya hayo ni salamu. Alitabasamu, akaenda kuosha mwiko wake.

Jina la kwanza katika daftari la buluu, ukurasa wa kwanza, limepigwa mistari miwili chini yake, lilikuwa Bridgit. Ndiye mtoto wao wa pekee. Alikuwa Mtwapa mwaka wa tatu sasa, keshia katika duka la vifaa vya ujenzi, na nyumbani alikuja Krismasi tu, siku mbili, akikaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kutazama nyumba ya kupanga. Simu alipiga mara moja kwa mwezi. Ndinda akiishika tu, husema, "Haleluya, mwanangu! Hebu tuombe kwanza." Na hiyo "kwanza" iliendelea mpaka salio la Bridgit likaisha.

Aliyemwiba mtoto, kwa hukumu ya Ndinda, alikuwa Mtwapa yenyewe, kwa mabaa yake na muziki wake na vyumba vyake vya kupanga. Miaka mitatu aliikemea Mtwapa mbele za Mungu, na miaka mitatu Mtwapa ilizidi kustawi. Hakuna kitu alichokitaka duniani kama huyo mtoto arudi, aketi jikoni kwake, azungumze naye kama zamani. Usingizi wake wote ulikatikia hapo.

Mwezi wa tano kulikuwa na semina ya maombi Kilifi, siku tatu. Siku ya pili vipaza sauti vikaharibika. Wengine walitaka kuahirisha, lakini Ndinda akasema Musa hakuwa na maikrofoni, akapanda jukwaani na koo lake tupu akawaongoza watu mia nne mpaka jioni, na kesho yake tena. Jumatatu alfajiri, nyumbani, alifunua kinywa amshukuru Mungu kwa usingizi. Ikatoka hewa, na nyuma ya hewa mlio kama wa bawaba yenye kutu.

Daktari aliyempima zahanati alikuwa binti mdogo, umri wa Bridgit. "Mama, nyuzi zako za sauti zimevimba vibaya. Wiki mbili hakuna kusema. Hakuna kuimba. Hata kunong'ona hakuna, maana kunong'ona kunaumiza vilevile."

Ndinda aliunganisha viganja, akaelekeza macho darini, kuuliza habari ya lile jambo kubwa.

"Hata hilo," daktari akasema. "Si mnasema Mungu anasoma moyo? Basi mwache asome."

Kesho yake asubuhi Mwanatumu alichungulia juu ya ua akiwa na kanga kichwani. "Shoga, kuna nini? Wanangu wamechelewa skuli leo. Sisi twangoja ufike kwa wajane ndipo wavae viatu." Kyalo alimweleza. Mwanatumu alicheka mpaka akaketi chini, halafu akamhurumia, akamletea asali.

Sasa, mahamri yana taratibu zake. Unga ukandwao jioni kwa tui na iliki hulala, na alfajiri husukumwa, hukatwa pembe tatu, kisha hufunikwa leso na kuachwa uumuke tena kidogo kabla ya kutiwa mafutani. Ni kama robo saa, na huwezi kuuharakisha. Ukiuharakisha utawauzia watu kitu cha kuwavunja meno. Robo saa hiyo ndiyo iliyokuwa kilele cha maombi ya Ndinda miaka yote. Asubuhi hiyo aliketi juu ya mbuzi, kile kibao chake cha kukunia nazi, akaomba moyoni. Aliombea serikali, wagonjwa, mayatima na wajane, akamaliza, akachungulia chini ya leso. Unga haujashtuka hata kidogo.

Alishangaa. Kumbe maombi yakiondolewa sauti hubaki madogo hivi? Akaanza tena tangu usingizi, lakini alipofika serikalini aliona haya. Aliyekuwa akimwambia alikuwa ameshasikia mara ya kwanza.

Siku ya pili ilimchosha. Siku ya tatu alisinzia, akakaribia kuangukia meno ya mbuzi. Siku ya nne, kwa kukosa la kufanya, alianza kusikia: kunguru wakigombana juu ya mabati, wanaume wakirudi msikitini kwa mazungumzo ya chini, Kyalo akinawa uso uani. Miaka ishirini na mitano Kyalo alinawa uso pale, na Ndinda hakupata kujua kwamba hupiga mluzi wa wimbo wa tenzi. Alisikiliza hadi ubeti wa mwisho.

Siku ya sita aliona anaamka kabla ya saa yake, na anapenda kuamka. Alikuwa akikata unga kwa haraka ili afike kwenye ile robo saa. Hakuambiwa lolote, hakuona maono, lakini alitulia pale kwenye mbuzi kama mtu aliyeketi na mwenziwe wa siku nyingi, na hakuna anayedai mazungumzo. Aliona raha. Neno ni hilo, raha, na alijisuta kidogo kwa kuipata bila kuitolea jasho.

Siku ya tisa alifunika unga, akaketi, akasema moyoni yale ya kila siku: Bwana, nirudishie Bridgit. Safari hii hakuongeza neno. Hakuikemea Mtwapa. Alilisema akaliacha hapo.

Likamjia jiko hilihili, miaka mitatu nyuma. Bridgit ameketi juu ya mbuzi hiihii, macho yamevimba. Alikuwa amepata mimba, hajaolewa, na mimba imetoka ya miezi mitatu, na kijana mwenyewe amekimbia. Alimwambia mama yake peke yake. "Mama, tafadhali." Na Ndinda akamshika kichwa akasema, "Halitoki hapa jikoni, mwanangu."

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumatano alisimama na daftari.

Hakuwa amelisahau, ila hakuwahi kulitazama kutoka upande huu. Yeye aliliita hitaji la maombi. Alisimama kwa machozi ya kweli akasema, "Tumwombee binti yangu Bridgit, Mungu amponye tumbo na ampe mume mwema," na akina mama arobaini wakalia naye. Huko ni kumwaga mtama penye kuku wengi, ila kuku hawa walikuwa na Biblia mikononi. Kabla jua halijatua Bridgit alisimamishwa njiani na mwanamke aliyempa mizizi ya kuchemsha. Jumapili Bridgit aliposimama kufundisha watoto kanisani, mama mmoja alimfuata mtoto wake akamwondoa. Mwezi haukuisha, akahamia Mtwapa.

Ndinda alijaribu kujitetea palepale kwenye mbuzi. Bwana, mimi niliomba tu. Niliwaomba watu waombe, kosa liko wapi? Hakuna aliyembishia, na hilo ndilo lililomshinda. Zamani angejaza kimya kile kwa maneno mia mbili na kutoka amesamehewa kabla hajashtakiwa. Sasa hakuwa nayo. Alivuta upindo wa kanga akajifunika uso, akalia bila sauti, na alipoinuka unga ulikuwa umevimba mpaka unaisukuma leso.

Jambo la kuchekesha, kama mtu ana moyo wa kucheka, ni kwamba siku aliyopata neno moja la maana la kumwambia mtoto wake ndiyo siku ambayo hakuruhusiwa kusema. Baada ya kuuza aliketi na simu, akaandika kwa kidole kimoja, muda mrefu: *Bridgit. ile jumatano nilikukosea. nilikuahidi nikakuuza. nisamehe. Mama.* Akatuma kabla moyo haujageuka.

Bridgit alipiga jioni, jua bado liko juu ya minazi. Ndinda alishika simu, akakumbuka, akakaa nayo sikioni.

"Shikamoo, Mama. Baba aliniambia huruhusiwi kusema. Usijibu. Kama unanisikia, gonga simu."

Ndinda akagonga kwa ukucha.

Kulikuwa na kimya upande wa pili, na Ndinda, ambaye majuma mawili yaliyopita angekirukia, alikingoja kimalizike.

"Nimesoma ujumbe wako mara nyingi," Bridgit akasema. "Nimeusoma dukani, mteja akaniuliza nalia nini. Mama, sikumkimbia Mungu. Huku nina kanisa, dogo, naimba. Nilikimbia daftari lako. Kila nikitaka kukwambia kitu, nakiona kimeshaandikwa humo." Alivuta pumzi. "Nimeolewa, Mama. Mwezi wa kwanza, kwa msajili wa ndoa. Anaitwa Marvin, ni fundi umeme, ni mtu mzuri. Nilikutaka uwepo. Nilikutaka sana. Lakini nikasema, nitaombewa na kanisa zima kabla sijavaa gauni. Baba alikuja. Nilimwomba asiseme, naye hakusema."

Harusi ya mtoto wake wa pekee imepita, naye hakuwepo. Iliingia kifuani ikakaa. Ndinda alimtazama Kyalo, aliyekuwa uani akijifanya anatafuta kitu kwenye kikapu cha vifaa, na laiti angekuwa na sauti angembomolea nyumba. Lakini sauti hakuwa nayo, na Bridgit alikuwa hajamaliza.

"Na nina mimba, ya mwezi wa nne. Naogopa, Mama. Kila nikiamka najigusa kwanza. Nataka nije nikae na wewe mpaka nijifungue. Ila liwe letu. Mwambie Mungu, mwambie usiku na mchana, sikukatazi. Usiwaambie watu wamwambie Mungu. Kama utaweza, gonga mara mbili."

Ndinda aligonga mara mbili. Halafu, kwa kuogopa kwamba hakusikika, akagonga tena mara mbili, na Bridgit akacheka na kulia kwa pamoja.

Wiki mbili zilikwisha Jumatatu. Daktari alimwangalia koo, akamwambia aanze kusema polepole. Neno lake la kwanza lilikuwa la Kyalo, na wote wawili walijua ni lipi linalostahili. Lakini hasira nayo, kama chai, ikikaa hupoa. "Alivaa gauni gani?" akauliza, sauti kama mchanga.

"La samawati," Kyalo akasema. "Alikuulizia." Kisha, kwa kuwa alikuwa amevuka kiasi chake cha siku, akamshika mkono.

Jumatano kanisa lilijaa. Habari ya mkuu wa waombezi kurudishiwa sauti ilikuwa imefika hadi Gede, na akina mama walikuja kusikia mvua ya ngurumo. Jedida, mwenyekiti wa ushirika, aliyekuwa ameshika zamu wiki hizo mbili na kuona utamu wake, alimkaribisha mbele. "Mama Bridgit, karibu na mahitaji yako. Maana najua umekusanya!"

Ndinda alisimama. Sitasema ulimi haukumwasha. Alikuwa na mkwe fundi umeme, alikuwa na mjukuu njiani. Hilo si hitaji tena, hilo ni ushuhuda, na ushuhuda ukifichwa ni dhambi, sivyo? Aliwaona wanawake arobaini wakimtazama kwa upendo, wakimngoja. Walimpenda kweli. Wangelia naye, wangecheza, wangeleta vitenge. Na Bridgit, Mtwapa, alikuwa anajigusa tumbo.

"Ninalo hitaji moja," akasema. "Bwana analijua."

Walingoja liendelee. Halikuendelea.

"Lakini dada," Jedida akasema, "tutaombaje bila kujua tunaombea nini?"

"Ombeni hivyohivyo tu. Yeye hana haja ya kuelezwa."

Akaketi. Minong'ono ikazunguka. Mmoja alisema ni ugonjwa wa koo umeshuka moyoni, mwingine akasema amejivuna tangu semina. Jedida akaomba haraka haraka, bila ladha. Kisha mwanamke wa benchi la nyuma, ambaye mumewe ndiye asiyerudi kutoka Lamu na ambaye kwa mwaka mzima jina la mumewe lilisomwa kila Jumatano, alikuja akainama sikioni kwa Ndinda, akamwomba amfute mumewe daftarini, jambo libaki baina yao wawili tu. Ndinda akafungua daftari la buluu, akachana ukurasa wenyewe, akamkabidhi mwenye nao.

Bridgit alifika Ijumaa, pamoja na Marvin aliyebeba mabegi yote mawili na kuamkia kila mtu shikamoo, hata paka angeamkiwa kama angekuwa mkubwa kidogo. Bridgit alikuwa amepiga simu Alhamisi kwa rafiki yake wa zamani wa kwaya, akamuuliza kwa mbali, "Habari za Jumatano?" Rafiki akamwambia hakuna jipya, ila mama yako siku hizi amekuwa mtu wa ajabu, hasemi. Ndipo akafunga begi.

Jumamosi alfajiri Ndinda alikata unga, akaufunika leso, akaketi kwenye mbuzi. Mlango ukalia. Bridgit aliingia peku, kajifunga kanga, akavuta kigoda karibu. Walikaa. Kunguru walianza ugomvi wao, na Kyalo uani akanawa uso kwa mluzi.

"Baba anapiga mluzi?" Bridgit akanong'ona.

"Kumbe nawe hukujua," Ndinda akasema.

Baadaye kidogo Bridgit akasema, "Mama, niombee."

Miaka mitatu Ndinda alimwombea bila kuombwa, na sasa ameombwa. Maneno yote ya zamani yaliinuka kwa pamoja, yale makubwa, ya kukemea na ya kufunga na ya kufungua, yakajazana kooni. Koo sasa lilikuwa zima, lingeyabeba yote. Akayameza.

"Niambie kwanza unaogopa nini," akasema.

Bridgit akamwambia. Alianza polepole, halafu yakamtoka: damu ya mara ile, na lile beseni, na jinsi anavyohesabu siku, na jinsi anavyoogopa Marvin naye asije akakimbia, na kwamba wakati mwingine hamuombi Mungu chochote kwa kuogopa kumkumbusha. Nje wateja walibisha hodi kwenye baraza. Kyalo akawaambia wangoje. Mwanatumu akaita kutoka ng'ambo ya ua, "Shoga, mbona kimya? Bado hujapona?" Chini ya leso unga ulivimba, ukapita kiasi, pembe tatu zikaanza kushikana. Ndinda aliyasikia yote hayo na hakuinuka, kwa sababu mtoto alikuwa hajamaliza.

Alipomaliza, Ndinda aliweka mkono juu ya tumbo lile.

"Bwana, umemsikia," akasema. "Na mimi nimemsikia. Amina."

Bridgit alifumbua macho. "Ni hiyo tu, Mama?"

"Ni hiyo tu," Ndinda akasema. "Mengine umeyasema mwenyewe."